Anza na Miguu

Nimestaafu, na majirani hapa Nyeri wananiuliza nitafanya nini na siku zangu. Nawaambia nitalala. Hawaniamini, na wana haki, maana mtu aliyeamka alfajiri miaka yote hiyo kwenda kuangalia miguu ya watu huwa amesahau kulala. Kwa hivyo nimekaa dirishani na kikombe cha chai isiyo na sukari, nawaandikia nyinyi mlionirithi kliniki ya sukari. Vyeo sitavitaja. Mishahara mnaijua, basi nyamazeni kama sisi tulivyonyamaza. Nataka kuwaambia habari ya miguu.

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ile nilivaa yunifomu iliyopigwa pasi mpaka ikataka kusimama yenyewe. Nilikuwa nimetoka wodi ya upasuaji, na nilidhani sasa nimepata kazi ya kukaa mezani, kuchoma watu kidole, kusoma namba na kuwagombeza kwa sababu ya soda. Nilimkuta Sista Wambui, mkuu wa kliniki, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya mzee mmoja, mguu wa mzee uko mapajani mwake, anaukausha kwa taulo katikati ya vidole, kidole kwa kidole. Hakuinua kichwa.

"Wewe ndiye mgeni? Chukua beseni, weka maji ya vuguvugu, uje hapa chini."

"Hapa chini wapi, Sista?"

"Kwani wewe umeona miguu ya watu ikikaa juu ya meza?"

Nikapiga magoti. Stokingi zangu zilipasuka siku hiyohiyo, na sikuvaa nyingine kazini tena.

Sista Wambui alinifundisha kwa maneno machache, na mengi aliyarudia mpaka nikachoka kuyasikia. La kwanza lilikuwa: anza na miguu. Alisema uso unaweza kukudanganya. Hata kipimo cha damu kinaweza kukudanganya, kwa sababu mgonjwa wa sukari akijua keshokutwa ni kliniki, anaanza kula kama mtawa, anakuja kwako na namba nzuri, kisha anapitia hotelini kula chapati mbili za kujipongeza. "Lakini mguu haujui siku ya kliniki," alisema. "Mguu ni wa kila siku." La pili lilikuwa kwamba mguu unaolalamika usikutishe sana. Wa kuogopa ni ule ulionyamaza. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya fahamu, na mtu anaweza kukanyaga msumari akaendelea kuimba.

Chombo chetu kikubwa kilikuwa uzi. Mnaujua, upo kwenye droo ya juu: uzi mgumu wa nailoni uliochomekwa kwenye kishikio. Mgonjwa anafunga macho, unamgusa unyayo mpaka uzi upinde, unamuuliza, "Unasikia?" Ni hilo tu. Mwanzoni nilikidharau. Mashine zote hizi hospitalini, nami napewa kitu kama unywele wa mkia wa ng'ombe! Lakini kila nilipokitumia nilishangaa upya, na mpaka leo nashangaa. Uzi ule ulijua jambo kuhusu mguu ambalo mwenye mguu mwenyewe hakulijua.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kuwaambia watu wafanye mazoezi. Huku kwetu mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, watu wanauliza ng'ombe wa nani amepotea. Mama mmoja muuza nyanya kule Kagio aliniambia, "Sista, mimi nashinda na makreti ya nyanya kutoka asubuhi. Unataka nikimbie niende wapi?" Nikaona ana maana. Baadaye nikapita sokoni kwake nikamkuta ameketi kama chifu, makreti yanainuliwa na vijana. Tangu siku hiyo niliacha kuuliza watu kama wanafanya mazoezi. Nilikuwa nauliza, "Jana kazi ya nyumbani kwako ilifanywa na mikono ya nani?" Jaribuni swali hilo. Watu huangalia dari kwanza.

Sasa niwaambie habari ya Mzee Githinji, maana ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Githinji ni mtu wa Naro Moru. Maisha yake yote alikuwa mpagazi wa mlima: anabeba mizigo ya watalii mgongoni mpaka kwenye baridi ile, anarudi, anabeba mingine. Magoti yalipochoka akaacha, akabaki na shamba lake dogo na kibanda cha kuuza vocha na mkate. Tatizo ni kwamba mwili ulishuka mlimani lakini sahani ilibaki hukohuko juu. Aliendelea kula ugali wa mpagazi na kunywa chai ya mpagazi, vijiko vya sukari bila hesabu, huku ameketi kibandani. Sukari ikampata. Tulimpa dawa, tukampunguzia sahani, tukamwambia atembee kila siku, avae viatu vya kufunga na soksi.

Wagonjwa wengi ukiwaambia watembee, wanaitikia kwa kichwa kisha wanaenda kuketi. Githinji alitembea. Asubuhi na jioni, mvua ikinyesha, tope likijaa, alitembea, na karibu apoteze mguu kwa utiifu huo.

Alikuja siku moja na mkewe, Nyokabi, mama mwembamba asiye na mchezo. Githinji alikuwa amevaa gambuti, zile buti ndefu za mpira. Alipovua ya kulia nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Kokoto ikaanguka sakafuni, ndogo tu, imekaa humo ndani sijui kwa muda gani. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda ambacho ungeweza kuingiza ncha ya kidole.

"Mzee! Si tulikwambia viatu vya kufunga?"

"Viatu anazo," Nyokabi akasema kabla mume hajafungua mdomo. "Nyeusi, za ngozi, pana. Ziko chini ya kitanda ndani ya gazeti."

"Hizo ni za kanisa," Githinji akasema. Alinitazama akitarajia nimuunge mkono. "Ati niende nazo kwa matope, Sista? Kiatu ya kanisa?"

Haiya! Ningesema nini? Baba yangu alizikwa na viatu vya kanisa ambavyo soli zake zilikuwa bado zinang'aa. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na viatu vizuri maisha yake yote na asivitembelee hata mara moja isipokuwa kutoka mlangoni mwa kanisa mpaka kwenye benchi.

Nikachukua uzi. Nikamwambia afunge macho na aseme kila anaposikia nimemgusa. Akafunga, mikono juu ya magoti, mtulivu kabisa. Nikagusa chini ya kidole gumba. Nikagusa kidole kidogo. Nikagusa katikati ya unyayo, na kisigino. Nikahamia mguu wa kushoto, nikagusa vilevile.

"Anza basi, Sista," akasema. "Nimefunga macho."

Nyokabi alikuwa anaona kila kitu. Alifunika mdomo kwa leso, akageukia ukuta. Nami nilipiga magoti pale na uzi wangu mkononi, nikashindwa kumwambia afungue macho.

Daktari wa upasuaji aliuangalia mguu, akaupiga picha, akaongea bila kuzungusha. Mfupa ulikuwa bado mzima. Tungesafisha, tungempa dawa, tungengoja. Nyama isipoanza kuota, au uozo ukipanda, nusu ya mbele ya mguu ingekatwa. Githinji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia mimi, si daktari, "Hii mguu imepeleka watu mpaka kwa theluji. Sasa imalizwe na kokoto?" Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba mlima uko mbele ya mlango wake. Kila asubuhi anafungua mlango anauona. Kama hataweza kuupanda tena, hata kidogo, hata mpaka kwenye mianzi tu, afadhali Nyokabi ahamishie mlango upande wa nyuma.

Dawa ya kidonda kile ilikuwa moja ambayo hospitali haiwezi kuifunga kwenye karatasi: asikanyage. Miezi. Mtu niliyemwambia atembee, sasa nilimwambia akae. Tulimpa magongo. Na ilikuwa msimu wa kupanda.

Baada ya wiki chache nilikwenda kumtembelea kwake. Kitu cha kwanza nilichoona ni kabati la sebuleni: sukari, kilo baada ya kilo zimepangwa, na soda, na mikate. Mnajua desturi yetu. Ukienda kumwona mgonjwa huendi mikono mitupu, na mkono usio mtupu una sukari. Mgonjwa wa sukari alikuwa ametembelewa na sukari na kijiji kizima.

"Nyokabi, hii ni nini?"

"Nitakataa aje, Sista? Mtu ametoka mbali na kilo yake." Akacheka kidogo, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Lakini haikai. Ngoja uone."

Akaja jirani na kiondo. Nyokabi akapokea sukari kwa mikono miwili, akashukuru, wakaomba. Jirani alipoaga, Nyokabi akatia ndani ya kiondo chake kilo iliyoletwa na mtu wa jana, kwa sababu kiondo cha mgeni hakirudi kitupu, hata shetani anajua hivyo. Sukari ile ilizunguka vijiji vile msimu mzima bila kukanyaga jikoni kwa Githinji. Nilikuwa nimefundisha lishe miaka mingi, na somo zuri kama lile sikuwahi kulitoa.

Lakini mwenyewe nilimkuta chumbani, pazia limefungwa, mguu juu ya stuli, uso umekunjamana. Nje majirani walikuwa wanalima shamba lake. Ni ile desturi yetu ya ngwatio: leo tunalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule, na jembe hulipwa kwa jembe. Githinji alikuwa anasikia majembe yao kupitia ukutani.

"Wanalima kwangu," akaniambia, "na mimi nitalimia nani? Nimekuwa mtu wa kulimiwa. Sista, afadhali mguu ikatwe nijue moja."

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Nilimwambia mguu si kuni ya kukatwa kwa sababu ya aibu. Nikamuuliza kama mikono yake pia imeota kidonda. Akaitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya mpagazi, mipana, mishipa imesimama. Nikaondoka nikidhani nimemuudhi tu.

Niliporudi safari iliyofuata, pazia lilikuwa wazi na Githinji yuko uani chini ya paa la kibanda, mguu umeinuliwa kwenye stuli na mto, amezungukwa na magunia. Alikuwa amewatumia watu wote wa ngwatio ujumbe mmoja: leteni mahindi. Walipolima kwake, yeye aliwapukuchulia mahindi yao kwa mikono, gunzi baada ya gunzi, magunia ya kijiji. Mahindi yalipopungua akaomba majani ya ng'ombe, akawakatia kwa panga hali ameketi. Wakamletea majembe, akawanolea. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. "Sista," akaniita, "nimelipa watu wanne. Leo nalipa mama wa duka."

Nikampima. Sikuamini. Nikatoa ukanda mwingine wa kupimia, nikampima tena. Sukari ilikuwa imeshuka kuliko ilivyowahi kushuka alipokuwa akitembea na gambuti zake. Nilikaa juu ya gunia la mahindi ya mtu nikaangalia ile namba. Nilijua kutoka vitabuni kwamba msuli hauulizi kama uko mguuni au mkononi, ukifanya kazi unakula sukari. Nilijua. Lakini kujua ni jambo moja, na kuona mzee anaokoa mguu wake kwa vidole vya mikono ni jambo lingine. Nilimwita Nyokabi aje aone namba, naye akaniuliza kama alie au acheke. Nikamwambia afanye yote mawili, mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza.

Sahani nayo ilishuka mlimani, hatimaye. Nyokabi alimpikia mboga za managu na terere, githeri ya maharagwe mengi na mahindi machache, ugali wa ukubwa wa ngumi. Chai bila sukari ilimchukua muda mrefu kuliko kidonda. Alisema inafanana na maji ya kuoshea sufuria ya maziwa.

Kisha nyama ikaanza kuota. Nyinyi vijana mmeona vidonda vingi kwenye simu zenu, lakini ngojeni muone kimoja mkiwa mmekipigania. Kila nilipofungua bandeji, chini ya kile kidonda palikuwa pamepanda kidogo, pekundu, pabichi, pana damu ya uhai. Hakuna mtu aliyeiambia ile nyama ipande. Ilikuwa inafanya kazi gizani ndani ya bandeji, na mwenye mguu hasikii chochote. Siku ile kingo za ngozi zilipokutana nilisema "Mungu wangu" kwa sauti, kliniki nzima ikageuka. Daktari wa upasuaji alikuja, akainama, kisha akaenda kuwaita wanafunzi wake waje waone.

Sitawadanganya. Sukari ya Githinji haikuisha, ilitulia. Dawa bado anameza, ingawa daktari alizipunguza. Na fahamu za nyayo hazikurudi, wala hazitarudi. Kwa hivyo kila jioni anaketi mlangoni na kioo cha pembeni cha pikapu iliyokufa zamani, anakagua nyayo zake kama dereva anayerudi nyuma. Na siku ile ya kwanza alipokuja kliniki bila magongo, alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kanisani, na soksi, katikati ya matope. Aliniambia njia nzima watu walimuuliza ana kesi gani mahakamani.

Miezi michache iliyopita nikastaafu. Mliniletea keki, kliniki ya sukari, tukala vipande vidogo huku tukitazamana. Githinji alikuja pia. Akaniuliza, "Sista, umewahi kufika kwa mlima?"

"Nauona kila siku."

"Sijauliza kama unaiona."

Nikanunua buti mpya. Ndiyo, mpya, msinicheke. Tukapanda asubuhi na mapema, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma. Ule msitu jamani! Miti imevaa ukungu, ndevu za kijani zinaning'inia, maji yanasikika huku na huku na hayaonekani. Nimeishi chini ya mlima huu tangu nizaliwe, na nilikuwa kama mtu anayeishi karibu na kanisa asiingie. Githinji alitembea polepole, mwendo wa wapagazi, na mimi nikaangalia visigino vyake vikipanda mbele yangu, kimoja, kingine, kimoja, kingine.

Tulipofika kwenye mianzi akasimama.

"Sista, unachechemea."

"Si kitu."

"Hata mimi nilisema hivyo." Akanionyesha gogo. "Keti."

Nikaketi. Yule mzee akapiga magoti kwenye majani yenye maji. Akafungua kamba za buti yangu, akanivua soksi, akaweka mguu wangu mapajani mwake. Kisigino kilikuwa kimetoka lengelenge. Akatoa kile kioo cha pikapu kwenye koti, akakagua unyayo wote, akakausha katikati ya vidole kwa leso yake, kidole kwa kidole. Halafu akang'oa jani la nyasi, refu, gumu.

"Funga macho."

"Mzee, mimi sina sukari."

"Funga, Sista. Anza na miguu."

Nikafunga. Nikasikia baridi ya mlima usoni, na harufu ya mianzi.

"Unasikia hapa?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia." Machozi yalikuwa yameanza kunitoka. Miaka yote ile nimeshika miguu ya watu, na hakuna mtu aliyewahi kushika wangu.

Akagusa tena, taratibu, katikati ya unyayo. Safari hii hakuuliza. Nikafungua macho nikamkuta ananitazama usoni, jani bado liko mkononi.

"Inakuwa aje?" akaniuliza. "Mimi nimesahau."

Nikafikiri kidogo, maana nilitaka nimjibu vizuri. Nikamwambia inawasha, kwa mbali, kama chungu anapita juu ya ngozi.

"Chungu," akasema. Akacheka peke yake, akalisema tena, akanifunga kisigino, akanivalisha soksi.